Kiwanja chetu kiko jirani na Mloganzila: tuuze au tujenge?

Swali: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Kibamba, Dar es Salaam. Marehemu baba alituachia kiwanja cha kama robo eka. Alikinunua mwaka 2006 kwa karatasi ya serikali ya mtaa, na kipo mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Hospitali ya Mloganzila. Siku hizi mtaani kuna maneno kwamba eneo la hospitali litajengwa zaidi. Wengine wanasema tutahamishwa, wengine wanasema bei zitapaa. Dalali ameshaleta mteja. Mdogo wangu anataka tukope benki tujenge loji. Mimi nimechanganyikiwa: tuuze, tujenge au tukae kimya?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Nianze na jibu lenyewe, sababu zifuate. Msiuze sasa, msikope kwa ajili ya loji, na wala msikae kimya. Kuna mambo ya kukagua kabla hamjaweka tofali hata moja, na majibu yake yako ofisini, hayako kijiweni. Yakikaa vizuri, jengeni vyumba vichache vya kupangisha wafanyakazi wa hospitali. Mimi ni mpanga miji kwa taaluma, na katika kazi hii nimeona watu wengi wakipoteza kwa kuharakishwa kuliko kwa kuchelewa.

Tuanze na hofu ya kuhamishwa, maana ndiyo inayowafanya watu wauze viwanja kwa bei ya kutupa.

Hospitali zinapokua hazimtishi jirani kwa namna moja. Muhimbili ya Upanga ilifunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret, na mji ukaizunguka pande zote. Taasisi ya Mifupa, MOI, ilipoanzishwa mwaka 1996, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete mwaka 2015, zote zikajibana ndani ya eneo lilelile. Pale ukitaka jengo jipya, ama ubomoe la zamani ama ujenge kwenda juu. Hospitali iliyobanwa hivyo ndiyo yenye sababu ya kutazama viwanja vya jirani.

Mloganzila ni kinyume chake kabisa. Ilifunguliwa Novemba 2017, ina vitanda zaidi ya 500, na ilipelekwa huko mbali na katikati ya jiji kwa sababu hiyohiyo ya kutafuta nafasi. Eneo lililotengwa kwa ajili ya chuo kikuu cha afya cha MUHAS na hospitali ni takriban ekari 3,800. Viwanja kama chenu vinaingia humo zaidi ya 15,000. Wakitaka kuongeza wodi, maabara, mabweni ya wanafunzi au nyumba za madaktari, ardhi wanayo ndani ya mipaka yao. Kwa hiyo anayekwambia hospitali inakuja kula robo eka yenu ili ijenge wodi, muulize kwa nini waache maelfu ya ekari zao waje kugombania ya kwenu.

Kinachoweza kuwaondoa ni mpaka au barabara.

Mpaka kwanza. Eneo kubwa namna ile, kwenye mji unaokimbia, halikosi watu waliouziwa vipande vya pembeni na wenyeji wasiojua, au wanaojua sana, bikoni (alama za mpaka) ziko wapi. Karatasi ya serikali ya mtaa inathibitisha kwamba mliuziana mbele ya mashahidi. Haithibitishi kwamba aliyeuza alikuwa na haki ya kuuza. Na mtu aliyenunua ndani ya ardhi iliyokwisha kupimwa na kumilikishwa taasisi ana kesi ngumu sana, hata awe amejenga ghorofa. Tafuteni mpima ardhi aliyesajiliwa, achukue koordineti za pembe za kiwanja chenu, kisha aziweke juu ya ramani ya upimaji ya eneo la Mloganzila na juu ya mchoro wa mipango miji wa eneo lenu. Hiyo ni kazi ndogo kwake. Mchoro wenyewe uko Idara ya Mipango Miji, Manispaa ya Ubungo; nendeni mkauombe na mwangalie kiwanja chenu kimepakwa rangi gani. Kama mchoro unaonyesha makazi, vizuri. Kama unaonyesha barabara, shule au eneo la wazi, ni heri kujua leo.

Barabara ndiyo inayoniogopesha mimi zaidi. Watu wa Kibamba hamhitaji kusimuliwa. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kwa maelezo kwamba zimo ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, ambayo kwa kipande hicho ilihesabiwa mita 121.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kwa kawaida barabara kuu, kwa kanuni zilizofuata Sheria ya Barabara ya 2007, zina mita 30 kila upande. Ona tofauti hiyo. Mtu aliyezoea kusikia “mita 30” Mikumi au Singida alikuja Kimara akajenga kwa raha, kumbe yupo katikati ya hifadhi. Baada ya bomoabomoa ndipo ikaja barabara ya njia nane ya Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2.

Sasa hospitali ikiongezeka, njia za kuingilia lazima zipanuliwe: gari la wagonjwa haliwezi kusimama nyuma ya mkokoteni wa matofali. Barabara za ndani ziko chini ya TARURA, kubwa ziko chini ya TANROADS. Nendeni kote kuwili mkaulize njia inayopita karibu yenu ni ya daraja gani, hifadhi yake mita ngapi, na kama kuna usanifu wa kuipanua. Ombeni jibu la maandishi. Afisa akikujibu kwa mdomo tu, andika barua, igongwe muhuri wa kupokelewa, ukae na nakala.

Tuseme basi mambo yamekwenda vibaya, na sehemu ya kiwanja inatwaliwa kihalali kwa ajili ya barabara. Hapo watu wengi hawajui wanastahili nini, wanakubali bahasha yoyote. Tangu Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yenyewe ina thamani ya soko. Si minazi na kuta tu kama zamani. Juu ya thamani ya ardhi na maendelezo yaliyomo, kanuni za mwaka 2001 zinaongeza posho. Posho ya usumbufu hupatikana kwa kuzidisha thamani ya mali na wastani wa riba ambayo benki za biashara hutoa kwa amana za miezi 12. Yaani mali ikithaminiwa shilingi milioni 40, na riba hiyo tuseme ni asilimia 7, usumbufu ni milioni 2.8. Posho ya makazi ni kodi ya soko ya mwezi mmoja mara 36: nyumba ambayo ingepangishwa kwa 200,000 inaleta milioni 7.2. Kuna usafiri, unaohesabiwa kama gharama ya kubeba tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Na mwenye biashara anastahili faida ya mwezi mara 36, ila lazima ionekane kwenye hesabu, na hesabu zilizokaguliwa pale inapohitajika. Hapo ndipo mama lishe na mwenye kibanda cha M-Pesa huumia, kwa sababu biashara yao ya miaka 10 haina daftari.

Hili linawahusu moja kwa moja: kiwanja kitupu hakilipwi posho ya makazi wala ya usafiri. Mdogo wako asije akasikia hapo akaanza kumwaga zege usiku ili “kuongeza fidia”. Maendelezo yaliyofanywa baada ya taarifa ya utwaaji hayahesabiwi, na wathamini si watoto.

Sheria ya Uthamini ya 2016 nayo inawapa kitu cha kushika. Uthamini wa fidia ukishaidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, malipo yatoke ndani ya miezi 6. Yakichelewa, riba inaanza kuhesabiwa. Uthamini wenyewe una uhai wa miaka 2. Ukipita bila kulipwa, lazima ufanywe upya kwa bei za wakati huo. Kwa hiyo siku mthamini akija, muwepo, mpige picha kila mti na kila jengo, msome fomu kabla ya kusaini, na mbaki na nakala. Mwenyekiti wa mtaa awepo pia, hata kama hamuelewani.

Basi hayo ya kuhamishwa. Tuje kwenye matumaini ya bei kupaa, na hapa nitakuchosha kidogo, maana ndiyo sehemu watu wanayokosea wakiwa wanatabasamu.

Watu husikia “vitanda mia moja vinaongezwa” wakadhani ni wapangaji mia moja. Mgonjwa hapangi chumba. Anayepanga ni anayemhudumia, na kiasi fulani anayemuuguza. Muuguzi anaingia zamu ya asubuhi, ya jioni au ya usiku. Anayetoka zamu ya jioni usiku, kisha asubuhi ana familia ya kuiandaa, hataki kuishi Gongo la Mboto. Anataka chumba masta au chumba na sebule, maji yasiyokatika, uzio, taa getini, na njia ambayo bodaboda inapita hata masika. Huyo analipa kila mwezi, na akiondoka anamleta mwenzake. Ukienda Moshi, mitaa ya Rau na Longuo jirani na hospitali ya KCMC imeishi hivyo kwa miaka mingi, kwa wanafunzi wa udaktari na wafanyakazi.

Kundi la pili ni wagonjwa wa kurudi-rudi na ndugu zao. Mtu wa figo anayesafishwa damu kwa mashine kwa kawaida huenda mara 3 kwa wiki, kila mara kwa muda wa kama saa 4. Anayetoka Mafia au Ifakara hawezi kufanya hivyo kwa nauli, anahamia. Anataka chumba cha miezi, cha bei nafuu, karibu, chenye mahali pa kupikia. Ndugu wa aliyelazwa naye hupeleka uji asubuhi, chakula mchana, na kingine jioni, maana saa za kuona wagonjwa katika hospitali zetu zimepangwa hivyo. Hao wanatafuta jiko na kitanda cha siku chache. Loji ya vyumba vyenye feni na televisheni, kwa bei ya usiku mmoja, haiwahusu.

Ndiyo maana nasema loji hapana. Loji hutegemea wasafiri, na wasafiri wa upande ule wa jiji wana Mbezi, kwenye stendi ya Magufuli iliyofunguliwa mwaka 2021. Loji ya pembeni ya hospitali ikikosa ndugu wa wagonjwa huishia kuwa gesti ya saa mbili mbili, na majirani zako na wanafunzi wako watakuwa wanaijua vizuri kuliko wewe. Ukiongeza riba ya benki juu yake, mnaweza kupoteza kiwanja ambacho hata serikali haijakigusa.

Halafu kuna geti. Kama ungenipa nafasi ya kuuliza jambo moja tu kuhusu upanuzi wowote wa hospitali, ningeuliza geti litakuwa wapi. Vitanda viko ndani. Mtaa unaishi na geti. Daladala hugeuzia pale, bodaboda hupaki pale, mama lishe, maduka ya vocha, wauza ndoo, kanga, sabuni na nepi wote hupanga pale. Nimeshuhudia katika mji mmoja wa mkoa hospitali ikijenga jengo jipya la wagonjwa wa nje, na geti kuu likahamia upande wa pili. Fremu za upande wa zamani, zilizokuwa zikigombaniwa, zilibaki na vumbi ndani ya msimu mmoja. Hospitali ilikuwa imekua kweli. Mtaa ule ulikuwa umekufa.

Na geti si moja. Kuna la wagonjwa, la wafanyakazi, la mizigo, na la mochwari. Geti la mochwari lina biashara yake, ya majeneza, sanda, maua na magari ya kukodi, na ni biashara ya heshima kama nyingine. Lakini mpangaji wa chumba masta hataki kusikia kilio kila asubuhi dirishani. Kiwanja kilekile, bei mbili, kutegemea kinatazama geti gani. Kaulizeni idara ya majengo ya hospitali kuhusu ramani ya jumla ya eneo lao. Haitakuwa siri ya nchi.

Wengine watakushauri mjenge fremu za famasi. Msijenge kwanza. Famasi haifunguliwi kwa kuwa na fremu na mtaji tu. Baraza la Famasi hukagua eneo na jengo, na lazima awepo mfamasia msimamizi. Akija mpangaji anayetaka famasi, mwambieni alete kwanza kibali cha eneo, kisha mzungumze vipimo vya chumba. Kinyume cha hapo mtabaki na chumba chenye marumaru kinachouza maandazi.

Kuna mambo ambayo dalali hakutaji kabisa: maji, majitaka na moshi. Hospitali kubwa hutumia maji mengi mno, mamia ya lita kwa kitanda kwa siku ukijumlisha kufua, kupika, upasuaji na vyoo. Ninyi mna bahati kidogo, maana bomba kuu la Ruvu Juu linapita upande huo kuelekea matangi ya Kibamba na Kimara. Bomba kubwa kupita karibu si sawa na maji kutoka bombani kwako, hata hivyo. Waulizeni DAWASA mtandao wa mtaa wenu unalishwa na tangi lipi na mgao ukoje kiangazi. Kwa vyovyote, wekeni simtanki kabla ya kuweka marumaru. Mpangaji husamehe sakafu ya saruji, hasamehi kubeba ndoo baada ya zamu ya usiku.

Majitaka: ulizeni mabwawa ya kusafishia yako wapi na yanamwaga korongo gani. Ardhi ya Kibamba na Kwembe ni ya vilima na mabonde, na paa jipya pamoja na lami mpya havifyonzi mvua. Maji yaliyokuwa yakizama kwenye nyasi yatatafuta bonde, na kama kiwanja chenu kiko bondeni, masika yatawakuta. Nendeni mvua kubwa ikinyesha, mkiwa na mabuti, mkaone wenyewe.

Moshi: taka za hospitali huchomwa kwenye tanuri. Kuanzia takriban Aprili hadi Septemba upepo wa kusi unatoka kusini mashariki, kwa hiyo moshi huelekea kaskazini magharibi ya tanuri. Kaskazi ikiingia, miezi ya Desemba hadi Machi, unageuka na kwenda kusini magharibi. Mwenye nyumba upande wa mashariki ndiye mwenye nafuu zaidi. Wavuvi wetu wanajua haya bila kusoma mipango miji, lakini nimeona michoro ya wasomi ambayo iliyasahau.

Mradi mkubwa kama huo wa kupanua hospitali unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004, na wakazi mnatakiwa kushirikishwa. Mkutano wa mtaa wa namna hiyo ukiitwa, usikose hata kama una madaftari ya kusahihisha. Ripoti iko NEMC, taasisi ya taifa ya kusimamia mazingira, na kanuni zinataka muhtasari wake uwepo kwa Kiswahili pia. Pale ndipo pa kusemea habari ya geti, mifereji, taa za barabarani na kituo cha daladala. Ukiyasema baada ya mkandarasi kuingia, unasumbua watu tu.

Sasa jengo. Robo eka ni kama mita za mraba 1,000. Yote yakiwa salama, mngejenga safu ya vyumba masta vinne upande wa nyuma, kila kimoja na jiko dogo na mita yake ya umeme, mkiacha mbele wazi kwa sababu mbili: kama barabara itaongezeka ile nafasi ndiyo itakayoguswa, na kama haitaongezeka ndiyo mtakayojengea fremu siku geti likijulikana. Anzeni na viwili kwa akiba yenu. Kodi ya viwili ijenge vingine. Chukueni kibali cha ujenzi, na muulizie kama mtaa wenu umo kwenye zoezi la urasimishaji, maana hati itawapa nguvu ambayo karatasi ya mtaa haiwezi. Siku mkitaka biashara kubwa kwenye kiwanja cha makazi, kuna utaratibu wa kubadili matumizi ya ardhi manispaa. Msiuruke.

Dalali mwambieni hamuuzi kabla ya upimaji. Akileta haraka, mwulize mteja wake anajua nini ambacho ninyi hamjui. Inawezekana hajui chochote, ana pesa tu. Inawezekana pia ameshauona mchoro.

Jambo la mwisho, ambalo kwa mpangilio ndilo la kwanza: kiwanja ni cha marehemu, na hukusema kama mirathi imefunguliwa. Bila msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si wewe wala mdogo wako mwenye mamlaka ya kuuza, kukopea, kuomba hati wala kusaini fomu ya fidia. Nimeona fedha za fidia zikikwama kwa sababu jina kwenye daftari la mthamini ni la mtu aliyezikwa. Kusanyeni cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo unaopendekeza msimamizi, na wote wenye haki waandikwe, hata yule wa mama mwingine anayeishi mbali. Kama mirathi inafuata mila au sheria ya Kiislamu, Mahakama ya Mwanzo inatosha. Vinginevyo mtaelekezwa Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu. Mkishapata barua ya usimamizi, ndipo mumpigie simu mpima ardhi.